Mbio za farasi milimani: saa ya mapumziko inasubiri moyo wa mnyama

Siku hizi nimeulizwa swali moja na watu kadhaa, wote wenye punda wa kukodisha: "Afisa, hao farasi wa Marekani wanaopita milimani kilomita 160 kwa siku moja, wanalishwa nini?" Naona video zinazunguka sana kwenye simu. Jibu fupi ni kwamba wanakula majani makavu na nafaka kidogo, kama mnyama mwingine wa kazi. Siri yao haiko kwenye ndoo ya chakula. Iko kwenye jinsi msimu unavyopangwa, na nani mwenye neno la mwisho njiani. Leo naeleza hilo, kwa sababu wengi wenu mtaji wenu una miguu minne.

Tuanze na mbio zenyewe. Zinazojulikana zaidi ni za California, zinaitwa Tevis Cup. Zilianza mwaka 1955, pale mfanyabiashara Wendell Robie alipotaka kuonyesha kwamba farasi wa zama hizi bado anaweza kupita njia ya zamani ya milima ya Sierra Nevada ndani ya siku moja. Wanaondoka kabla jua halijachomoza, karibu na Ziwa Tahoe, wanapanda mpaka zaidi ya mita 2,600, halafu wanashuka na kupanda mabonde makali yenye joto ambalo siku nyingine linapita nyuzi 38, hadi mji wa Auburn. Ukijumlisha vilima vyote, farasi anapanda zaidi ya mita 5,000 na kushuka zaidi ya mita 6,000. Muda ni saa 24, mapumziko yakiwa humo humo. Ndiyo maana kwa kawaida huchagua siku ya Julai au Agosti iliyo karibu na mwezi mpevu, maana nusu ya pili inapitwa usiku, pamoja na kuvuka mto.

Anayemaliza ndani ya muda anapewa bizimu ya fedha, yaani kile chuma cha kufungia mkanda. Hapewi pesa. Na miaka mingi karibu nusu ya wanaoanza hawafiki. (Mwaka 1974 jamaa mmoja, Gordon Ainsleigh, ambaye mwaka uliotangulia farasi wake alichechemea njiani, aliamua kukimbia njia yote kwa miguu yake mwenyewe. Akamaliza ndani ya saa 24. Mbio za watu za kilomita 160 zilizo maarufu leo zilitokea hapo.)

Sasa sikilizeni kitu kinachonifurahisha zaidi.

Njiani kuna vituo vya madaktari wa mifugo. Ukifika kituoni, saa yako ya mapumziko HAIANZI. Inaanza pale mapigo ya moyo ya farasi yanaposhuka hadi kiwango kilichowekwa, mara nyingi 60 au 64 kwa dakika. Farasi aliyepumzika ana mapigo kama 28 hadi 44, na akiwa anapanda mlima yanaweza kupita 150.

Tupige hesabu. Juma anaingia kituoni saa 4:00 asubuhi akiwa mbio, farasi anahema. Moyo unashuka hadi 60 saa 4:20. Ali alikuwa nyuma yake, lakini kilomita ya mwisho alishuka akamwongoza farasi kwa mguu. Anaingia saa 4:08, na moyo unafika 60 saa 4:10. Mapumziko ni saa moja kwa kila mtu. Ali anaondoka saa 5:10, Juma anaondoka saa 5:20. Juma alimchosha mnyama ili apoteze dakika kumi! Ukiangalia vizuri, kanuni hii inafanya kazi hata kama mpandaji hana huruma kabisa, kwa sababu kumtesa mnyama kunamharibia hesabu yeye mwenyewe.

Moyo ukishatulia, daktari anakagua mengine. Anabonyeza fizi kwa kidole: pale palipokuwa peupe panatakiwa parudi rangi ndani ya sekunde mbili hivi. Anavuta ngozi ya bega aone inarudi haraka au inabaki imesimama, dalili ya upungufu wa maji. Anasikiliza tumbo. Tumbo la mnyama mzima linanguruma, likinyamaza kuna shida. Halafu farasi anakimbizwa mchakamchaka, aende na kurudi kwenye mstari ulionyooka, daktari akitazama kama anachechemea. Kuchechemea ndiko kunakotoa farasi wengi kwenye mbio, kuliko uchovu. Daktari akisema basi, ni basi. Hata ukimaliza wa kwanza unakaguliwa tena, na farasi akionekana hafai kuendelea na kazi, unahesabiwa hukumaliza. Na kuna kikombe kingine, Haggin Cup, ambacho kati ya kumi wa kwanza anapewa farasi mwenye hali nzuri zaidi, sio lazima aliyetangulia.

Ipo pia aina nyingine ya mashindano ambayo kasi haihesabiwi kabisa. Chama chake kinaitwa NATRC, kilianzishwa 1961. Huko unapewa muda wa kufika, ukiwahi mno unakatwa alama sawa na ukichelewa, na mapigo hupimwa dakika 10 baada ya kufika. Kwa mtu wa punda nadhani hiyo ndiyo inafaa zaidi kuiga.

Kuhusu msimu. Chama kikubwa cha mbio ndefu Marekani, AERC, kinahesabu mwaka wake kuanzia Desemba 1 hadi Novemba 30. Wakati wa baridi theluji inafunga njia za juu, kwa hiyo farasi anatembezwa chini, pole pole, umbali ukiongezwa kidogo kidogo. Majira ya machipuko anaingia mashindano mafupi. Kiangazi ndiyo milima. Baada ya hapo anapumzishwa kwa kweli.

Wanafanya hivyo kwa sababu mwili haukomai kwa kasi moja. Moyo na mapafu vinaimarika ndani ya wiki na miezi michache. Misuli nayo inafuata. Lakini mifupa, kano na kwato vinahitaji mwaka au zaidi kuzoea kazi nzito. Hapo katikati ndipo hatari ilipo: mnyama anaonekana yuko fiti, anavuta, hahemi, kumbe miguu haijakomaa. Ndiyo maana AERC hairuhusu farasi wa chini ya miaka mitano kushindana maili 50, yaani kilomita 80. Halafu mimi hapa Mbulu nakuta punda wa miaka miwili anapandisha mchanga mlimani, mwenyewe ananiambia "ana nguvu huyu, afisa". Ndiyo, nguvu anazo. Uliza magoti yake akifika miaka sita.

Jambo jingine ni unene. Kwenye Tevis Cup ya 1995 na 1996 watafiti waliangalia hali ya mwili wa farasi kabla ya kuanza. Waliokonda ndio walioshindwa zaidi kumaliza, na uzito wa mpandaji haukuonekana kuwa tatizo kubwa kama ukondefu wenyewe. Kwa hiyo ukipapasa mbavu uzisikie bila kubonyeza sana, lakini usizihesabu ukiwa umesimama mbali.

Na maji. Jasho la farasi lina chumvi nyingi, akitoka jasho anapoteza maji na chumvi pamoja, kiasi kwamba anaweza asihisi kiu wakati mwili umekauka. Ndiyo maana wapandaji wanampa chumvi na kumnywesha kila penye maji. Punda wetu anavumilia kukosa maji kuliko farasi, ila maji machafu anayakataa, hata kama ana kiu. Safisha ndoo.

Mnafanyaje sasa? Msichukue ile 60 ya farasi mkaibandika kwa punda. Punda aliyepumzika ana mapigo kama 40, lakini kila mmoja ana yake. Weka vidole chini ya taya, kwenye mshipa unaopita juu ya mfupa, au kiganja kifuani nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya kila asubuhi kwa wiki moja kabla ya kazi, andika kwenye daftari lile lile la mapato. Halafu akirudi na mzigo, mfungue, mpe kivuli, pima baada ya dakika 10. Ndani ya wiki mbili utajua kawaida yake. Siku ambayo mapigo yanagoma kushuka na mzigo ni ule ule, usimtume safari ya pili, na mwite daktari wa mifugo kama fizi nazo hazirudishi rangi au hataki kula.

Nasisitiza kupima kwa sababu punda anaficha maumivu. Farasi ataonyesha mapema, punda atasimama kimya na masikio yake mpaka aanguke. Na punda wa kununua siku hizi sio rahisi kama zamani. Biashara ya ngozi iliwamaliza wengi, hadi Umoja wa Afrika ukaisimamisha mwezi Februari 2024 kwa miaka 15.

Jumamosi ya mnada nitakuwa chini ya mti karibu na josho kuanzia saa 3 asubuhi. Anayetaka kujifunza kushika mapigo aje na punda wake aliyepumzika, sio aliyetoka kubeba mchanga, na aje na saa yenye mshale wa sekunde au simu.