Heda Kitaa: Ndinga Iimbe, Isikohoe

Oya mwanangu, lami imetuharibu. Kidatu mpaka Ifakara, kilomita 66.9, Rais Samia kaizindua Agosti 2024, na tangu hapo kila mchizi mwenye Altezza anataka mlio. Zamani unafika Kibaoni vumbi limejaa mpaka kwenye redio, nani ana habari na eksozi yako? Sasa hivi unatoka Mang'ula, Udzungwa iko ubavuni, vioo chini, watu wanakusikia kabla hawajakuona. Na hapo ndipo wanapokupima.

Maana kuna kubamba na kuna kujichoresha. Mchizi anakata sailensa, anachomelea kipande cha bomba, anapita Viwanja Sitini saa nane usiku akijiona mnyama. Mnyama gani? Kaamsha watoto tu. Wazee wanatoka nje na kanga na msuli kuuliza, "Hilo gari linaumwa?" Wazee wetu hawajui kitu kuhusu ndinga, ila kwa huyo mchizi, wamepatia. Linaumwa.

Unyama wa kweli unaanzia kwenye injini. Unaanzia kwenye heda.

Sikia sayansi, fasta. Menifoldi ya moshi ya kiwandani mara nyingi ni chuma cha kumwaga, kifupi, kizito. Moshi wa silinda zote unagombea njia moja, kama abiria wa stendi kwenye mlango mmoja wa Noah. Heda inaipa kila silinda bomba lake. Mabomba yakiwa na vipimo sahihi, moshi uliotangulia unauvuta unaofuata. Injini inapumua, sauti inanyooka. Nguvu inaongezeka kidogo tu kama injini haina tabo, kwa hiyo muuzaji akikuahidi maajabu, geuka nenda zako.

Chukua nne-mbili-moja: mabomba manne yanakuwa mawili, mawili yanakuwa moja. Inakupa nguvu ya katikati, pale unapotaka kulipita lori la miwa. Nne-kwa-moja inapenda mizunguko ya juu kabisa. Sasa wewe huko juu utafika wapi, kwenye matuta?

Watu wa Subaru, njooni karibu. Ule mngurumo mnaoupenda unatokana na mabomba yasiyolingana urefu. Mapigo ya moshi yanafika kwa kupishana, dudu linanguruma. Ukinunua heda ya mabomba sawa, mngurumo kwaheri. Kuna wachizi wamelipa hela ndefu kuua kitu walichonunulia gari. Inauma kinoma.

Bei? Huku Bonde la Kilombero tunahesabu kwa magunia ya mpunga. Heda mpya ya Japan yenye jina inakula magunia ya kutosha, mshua akisikia atakwambia ungenunua shamba Mngeta. Mzee, shamba haliingii lami. Njia ya kati ni kuagiza iliyotumika kutoka Shaurimoyo, Dar, inakuja na basi. Ila usiseme tu "ya Altezza", utapigwa. Altezza si moja. SXE10 ina 3S-GE, silinda nne. GXE10 ina 1G-FE, silinda sita. Heda ya huyu haimkai yule. Soma kibati cha chasisi kwanza, ndipo utume mkwanja.

Na masega, yale ya kuchujia moshi kwenye eksozi, usiyaguse. Wajanja watakuja: "Mwanangu, nakupa hela hapo hapo." Kausha. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana wanayasaka hivyo. Ukiyatoa, moshi mkali unaingia puani kwa jirani, na ndinga inayonuka haina swaga hata ing'ae vipi.

Haya, kazi nyumbani. Piga kiangazi, maana masika udongo wetu mweusi unameza jeki. Tafuta sakafu ya saruji. Gari likae juu ya stendi za chuma. Anayelala chini ya gari lililowekwa kwenye tofali anacheza na roho yake. Injini ipoe kabisa. Toa waya wa betri. Nati za zamani zipulizie mafuta ya kulegezea kutu, ziache usiku kucha. Ukilazimisha, stadi inakatikia kwenye silinda hedi, na hapo unaongeza magunia.

Sensa ya oksijeni itoe taratibu, ncha yake isiguse grisi. Gasketi weka mpya. Ya zamani kuirudisha ni ushamba, tena wa bei rahisi. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu. Nguvu za bega hazina kipimo.

Kabla ya kuwasha, futa heda yote kwa spiriti mpaka ing'ae, kisha iache ikauke. Mafuta ya vidole yakipata moto yanatoa moshi, na mshua atakuja mbio na ndoo ya maji. Mzuie! Maji ya baridi kwenye heda ya moto yanaweza kuipinda au kuipasua. Washia nje, kamwe usiwashe ndani ya banda, maana kaboni monoksaidi haina harufu na inaua. Ukisikia tik-tik-tik, kuna mvujo. Zima, acha ipoe, tafuta jointi inayovuja. Usijiambie itajifunga yenyewe.

Endesha siku chache, ipoe, kaza tena. Wengi wanaruka hapa, halafu wanamlaumu muuza gasketi. Angalia pia nafasi ya chini: heda nyingi zinaning'inia, na ukitoka lami kuelekea Mlimba, jiwe moja linakumalizia kila kitu.

Sasa toka. Pita Daraja la Magufuli, urefu wa mita 384 juu ya Mto Kilombero, gia ya tatu, mguu unapanda taratibu. Sauti iwe nene, safi, isiyopasuka. Ukikaribia Hospitali ya Mtakatifu Fransis, toa mguu kwenye wese, pita kimya. Mwenye ndinga kali anajua pa kuunyamazisha mlio.

Na mshua akiuliza bei, mwambie ukweli, magunia yote. Halafu mpe lifti mpaka Mang'ula. Atalalamika mpaka Kiberege. Baada ya hapo atakuambia ufungue kioo.