Soya ina vinundu, mbona majani ni ya njano?

Umeng'oa mche mmoja wa soya, ukaona vinundu vimejaa kwenye mizizi, ukafurahi. Lakini majani ni ya njano. Kuna nini?

Ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria. Mmea huwapa sukari, nao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, kilekile unachokilipia ukinunua mfuko wa urea. Shida ni kwamba bakteria hao si wamoja. Shamba la Ufipa lililozaa maharage miaka nenda rudi, kwenye intumba zetu za nyasi zilizofukiwa, linaweza kuwa na bakteria wa maharage tele na bado soya ikakosa wa kwake.

Hata wale wa soya, ambao wengi ni wa ukoo uitwao Bradyrhizobium, hutofautiana kwa vinasaba. Wapo wachapakazi. Wapo pia wanaojenga vinundu vingi, wakala sukari na kurudisha kidogo. Wageni wa mezani tu. Wakiwa wengi kwenye udongo, huweza kuwazidi nguvu hata bakteria wazuri tunaowapaka kwenye mbegu, ile wengi wanayoiita chanjo.

Brazili walichagua bakteria hodari wakawapaka kwenye mbegu, na wakulima wengi huko hulima soya bila mbolea ya naitrojeni. Taasisi ya IITA, Ibadan, Nigeria, tangu miaka ya 1970 ilizalisha mbegu zinazokubali bakteria wa aina nyingi waliomo kwenye udongo wa Afrika. Jirani zetu Zambia wana Magoye, yenye tabia hiyohiyo. Zinasaidia, ila kumkubali yeyote si kumpata hodari.

Kwa hiyo usihesabu vinundu, vipasue. Soya ikitoa maua, chimba miche michache kwa jembe, sehemu mbalimbali za shamba. Ukivuta kwa nguvu vinundu hubaki ardhini. Pasua kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu, kazi inafanyika, na unjano una sababu nyingine. Pakiwa peupe au kijani, hapo hakuna naitrojeni ya maana.

Ukikuta hivyo, msimu ujao weka chanjo kwenye mistari michache, mingine uiache, ulinganishe kabla ya kutumia fedha shamba zima. Chanjo ni viumbe hai: itunze kivulini, soma tarehe, paka mbegu siku ileile ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu. Pakiti iliyoanikwa juani mlangoni mwa duka huenda imebaki unga tu, na bei ni ileile.