Karavani Mpya Marekani (Sehemu ya Pili): Kupatana Bei Mpaka Senti ya Mwisho

Wiki iliyopita makala hii ilieleza karavani ni chombo gani: nyumba ndogo juu ya magurudumu, yenye vitanda, jiko, choo na bafu, inayovutwa na pikapu. Ilieleza pia kwamba wanaoinunua Marekani si wastaafu na watalii pekee. Wamo wauguzi wa mikataba wanaohama kutoka hospitali moja hadi nyingine, na kazi hiyo ya uuguzi imewavuta Wakenya wengi kule. Leo ni zamu ya bei.

Mtu aliyekulia Kariakoo au Gikomba akihamia Marekani huzoea upesi kwamba dukani hakuna kupatana. Maziwa yana bei yake, shati lina bei yake, unalipa unaondoka. Mazoea hayo humponza siku anapoingia kwenye yadi ya karavani. Pale, bei iliyobandikwa dirishani ni ya kufungulia mazungumzo tu. Kwa karavani nyingi za kawaida, punguzo la asilimia 20 hadi 30 si jambo la ajabu. Yenye kibandiko cha dola 45,000 inaweza kutoka yadini kwa dola 33,750, na aliyeiuza akabaki na faida yake. Zipo ambazo hazishuki hivyo. Airstream, zile za alumini zinazong'aa ambazo huundwa Jackson Center, Ohio, hushika bei kwa sababu wanaozitaka ni wengi na zinazoundwa ni chache.

Kibandiko chenyewe kinahitaji kutazamwa kwa jicho la pili. Gari dogo jipya linalouzwa Marekani lazima libandikwe bei inayopendekezwa na kiwanda. Hiyo ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1958, iliyosukumwa bungeni na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya magari ya abiria, na karavani haimo. Kwa hiyo mwenye yadi ana nafasi ya kubandika bei aitakayo, kisha akaikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba mteja ameokoa dola 15,000. Punguzo kubwa kutoka bei iliyopandishwa si punguzo. Anayetaka kujua kama anapata bei nzuri asilinganishe asilimia. Achukue modeli ileile, ya mwaka uleule, yenye mpangilio uleule wa vyumba, aulize yadi kadhaa inauzwa kiasi gani, kisha alinganishe kiasi hicho cha mwisho.

Kinachomfanya mwenye yadi alegee ni riba, wala si ufundi wa mnunuzi wa kubembeleza.

Wenye yadi wengi hawanunui karavani kwa fedha taslimu. Benki ndiyo inayolipa kiwanda, na karavani inakaa yadini ikiwa dhamana ya mkopo. Tuchukue mfano: karavani iliyomgharimu mwenye yadi dola 30,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, inamla dola 200 kila mwezi hata kama hakuna mteja aliyefungua mlango wake. Ikikaa muda mrefu, mara nyingi baada ya mwaka hivi, benki haitosheki tena na riba. Humtaka mwenye yadi aanze kulipa na deni lenyewe. Wakati huohuo karavani inachakaa kwa jua na mvua, na modeli ya mwaka unaofuata inaingia kutoka kiwandani. Mnunuzi anayefika wakati huo na fedha yake tayari anaondoa mzigo begani mwa mtu, na ana haki ya kutaka bei inayolingana na huduma hiyo.

Atajuaje kwamba karavani imekaa? Hahitaji kumuuliza yeyote. Ainame kwenye tairi atafute alama ya DOT ubavuni. Tarakimu 4 za mwisho zinataja wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa: 2223 ni wiki ya 22 ya mwaka 2023. Kisha atazame namba ya chasisi, yenye alama 17. Alama ya 10 ni mwaka wa modeli: P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025, T ni 2026. Karavani mpya yenye alama R inayosubiri mteja wakati zenye S zimejaa safu ya mbele imeshakuwa ya mwaka jana, hata kama plastiki ya magodoro haijabanduliwa. Bei yake lazima iseme hivyo.

Hali ya soko zima nayo ina uzito wake. Mwaka 2021, watu walipokimbia hoteli na ndege kwa hofu ya korona, viwanda vya Marekani vilipeleka kwa wenye yadi vyombo vya aina hii 600,240, tukihesabu karavani pamoja na zile zenye injini yake, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla. Wakati huo muuzaji hakuwa na sababu ya kushusha kitu. Aliyekataa bei alimpisha aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Mwaka 2023 idadi ilianguka hadi 313,174, karibu nusu. Mwaka 2024 ilikuwa 333,733. Wengi walionunua wakati ule soko likiwa moto walijikuta wakidaiwa na benki fedha nyingi kuliko thamani ya chombo walicholala ndani yake. Anayenunua katika soko lililopoa hana sababu ya kukubali masharti ya mwaka 2021.

Majira pia husaidia. Modeli mpya huanza kutoka katikati ya mwaka, na wateja hupungua baridi inapoingia, kwa hiyo vuli na mwanzo wa kipupwe ni wakati mzuri wa kununua katika majimbo ya kaskazini. Yapo pia maonyesho makubwa: ya Hershey, Pennsylvania, kila Septemba, na ya Tampa, Florida, kila Januari. Faida ya maonyesho ni kuona karavani nyingi kwa siku moja na kusikia bei za wauzaji kadhaa wakiwa jirani. Hatari yake ni ile kauli ya kwamba bei hii inaisha leo jioni. Msomaji asiikubali. Bei iliyowezekana Jumamosi kwenye maonyesho, mara nyingi huwezekana Jumanne kwenye yadi.

Umbali ni jambo lingine linaloleta tofauti. Zaidi ya asilimia 80 ya vyombo hivi huundwa Elkhart na maeneo ya jirani, kaskazini mwa Indiana. Kusafirisha karavani kutoka huko mpaka California ni gharama, na gharama hiyo humwangukia mnunuzi. Ndiyo maana baadhi ya yadi za Indiana, Michigan na Ohio zinasifika kwa bei ya chini, na watu huendesha pikapu siku mbili kuzifuata. Lakini karavani mpya huwa na kasoro nyingi za mwanzo, na yadi nyingi hutengeneza kwanza za wateja wao wenyewe. Aliyenunua mbali anaweza kuachwa akisubiri wiki nyingi msimu wa kiangazi. Kwa maoni ya makala hii, tofauti ya dola 1,000 haistahili usumbufu huo. Dola 5,000 zinastahili. Na hata asiyetaka kusafiri anaweza kuipeleka bei ya Indiana mezani kwa muuzaji wa jirani na kumwambia asogee.

Sasa tufike pale ambapo fedha nyingi hupotea. Muuzaji mzoefu hapendi kuzungumzia bei. Atauliza kwa sauti ya upole: ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi? Swali hilo lisijibiwe.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Karavani ya dola 33,750, ikikopwa yote kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 15, inalipwa dola 342 kwa mwezi. Karavani hiyohiyo ikiuzwa dola 38,000, kwa riba ileile lakini kwa miaka 20, inalipwa pia dola 342 kwa mwezi. Mteja aliyetaja dola 342 ataona amepata alichotaka katika hali zote mbili. Wa kwanza atakuwa amelipa jumla ya kama dola 61,600. Wa pili atalipa kama dola 82,000. Zaidi ya dola 20,000 zimejificha ndani ya marejesho yanayofanana, na mikopo ya miaka 15 au 20 ni ya kawaida katika biashara hii.

Kwa hiyo mambo yatenganishwe. Kwanza bei ya karavani. Ikishakubalika, ndipo lizungumzwe gari au karavani ya zamani ambayo mnunuzi anataka ipokelewe kama sehemu ya malipo, maana muuzaji anaweza kumpa kwa mkono huu na kumnyang'anya kwa mkono ule. Mkopo uje mwisho, na mnunuzi awe ameshaulizia riba kwenye benki yake au chama chake cha kuweka na kukopa kabla ya kukanyaga yadini.

Bei yenyewe ni ile ya kuondoka na chombo: ndani yake mna usafirishaji, maandalizi, ada ya makaratasi, usajili na kodi. Ada ya maandalizi na ile ya makaratasi ndizo zinazotumika kurudisha punguzo lililotolewa. Muuzaji akisema ada ya makaratasi haiondolewi, basi bei ya karavani ishuke kwa kiasi hichohicho. Mnunuzi aulize pia kuhusu betri, kwa kuwa karavani nyingi hutoka kiwandani bila betri na huwekewa yadini. Aulize mitungi ya gesi imejazwa, na kiungo cha kuvutia cha kugawa uzito kimo au kinauzwa pembeni. Vitu hivyo muuzaji huvitoa kwa urahisi zaidi kuliko dola, na mnunuzi angevilipia hata hivyo.

Baada ya kushikana mikono kuna chumba kingine, cha afisa wa mikopo. Huko huuzwa dhamana ya nyongeza, bima ya matairi na dawa ya kulinda rangi. Yote ni hiari, na yote yana bei inayozungumzika.

Mwisho ni ukaguzi, na ufanyike kabla ya saini. Maji yafunguliwe kwenye kila bomba, friji iwashwe kwa umeme, na kwa gesi kama inaitumia, kiyoyozi kiungurume, ukuta unaosukumwa nje utoke na kurudi, na mtu apande kutazama paa. Kasoro itakayoonekana iandikwe, pamoja na tarehe ya kuitengeneza. Wengi hudhani sheria inawapa siku 3 za kurudisha chombo. Kanuni hiyo ya shirikisho ipo, ila haimlindi aliyenunua kwenye yadi ya muuzaji.

Wiki ijayo makala hii itaeleza uzito: namba gani kwenye kibandiko cha njano cha mlangoni mwa pikapu inaamua kama inaweza kuvuta karavani hiyo salama. Msomaji anayepanga kununua msimu huu asisubiri. Aandikie yadi 3 leo, ataje modeli moja, na aombe kwa maandishi bei ya kuondoka na chombo. Yadi itakayokataa kuandika bei hiyo aiache.