Barua ya uhamisho imefika: familia itaishi wapi?

Katika ofisi ya msikiti wetu hapa Dar es Salaam lipo daftari ambamo huandikwa majina ya Waislamu wanaoomba barua ya utambulisho. Zamani barua hizo ziliombwa zaidi na vijana waliokwenda kuposa mikoani, au na wazee waliokuwa wakitafuta msaada wa matibabu. Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuwa sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, baada ya uamuzi uliopitishwa 1973 na kukaa miaka mingi bila kukamilika, kurasa za daftari hilo zimejaa sababu moja, nayo ni uhamisho wa kikazi. Mtumishi huja baada ya swala ya Alasiri akiwa na bahasha mkononi, na swali lake la kwanza kwetu hulingana na la mwenziwe aliyemtangulia. Kodi ya nyumba kule ni kiasi gani?

Swali hilo ni la haki, wala hatumlaumu anayeliuliza. Mshahara ni ule ule, wenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye hungoja chake. Isipokuwa tumejifunza, tena kwa gharama ya watu wengine, kwamba swali hilo halistahili kuwa la kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita tulimwandikia ndugu mmoja barua nzuri sana. Tulimsifu kwa swala za jamaa, kwa uaminifu katika michango na kwa hulka njema, na yote hayo yalikuwa kweli. Hakuna hata mmoja wetu kwenye kamati aliyeuliza mkewe anasemaje. Ndugu yetu alipanga chumba kimoja mjini Dodoma, akaiacha familia hapa kwa nia ya kuichukua muhula wa shule utakapokwisha. Muhula mmoja ukazaa mwingine, hata miaka miwili ikatimia. Mkewe alipofika kwetu, akiongozana na mama yake mkubwa, hakuja kudai matumizi, kwa maana fedha zilitumwa kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Alikuja kutueleza kwamba mtoto wao wa miaka minne, kila baba yake anapobisha hodi, hukimbilia chumbani kutangaza kuwa mgeni amefika. Shauri hilo tulilisuluhisha mara mbili. Mara ya tatu liliishia kwenye talaka. Nakala ya barua yetu ingali ndani ya faili, ina muhuri wa msikiti na sahihi yetu.

Waliosoma madrasa watakumbuka habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), aliyekuwa akizunguka usiku mjini Madina akasikia kilio cha upweke cha mwanamke ambaye mumewe yuko jihadini. Umar alikwenda kwa binti yake, Mama wa Waumini Hafsa (r.a.), akamuuliza mwanamke aweza kumvumilia mumewe aliye mbali kwa muda gani. Riwaya zinatofautiana kati ya miezi minne na sita, na Umar akaufanya muda huo kuwa mpaka wa askari kukaa mbali na nyumba zao. Ikiwa huo ulikuwa mpaka wa mpiganaji katika njia ya Allah, basi ofisa mipango na mhasibu wajipime wenyewe.

Kisa kinachotufaa zaidi katika jambo hili ni cha Nabii Ibrahim (a.s.) alipomweka Bibi Hajar na mwanawe Ismail katika bonde lisilo na mimea. Mara nyingi tunakisoma kama kisa cha subira, tukapita haraka pale panapohusu makazi. Tazama dua yake katika Sura iliyoitwa kwa jina lake. Sababu aliyoitaja mbele ya Mola wake ya kuwaweka pale ni ili wasimamishe swala; kisha ndipo akawaombea nyoyo za watu ziwaelekee, na mwisho akawaombea riziki ya matunda. Swala, watu, riziki. Sisi hupanga kinyume chake. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Bibi Hajar hakukaa kimya. Alimfuata mumewe akimuuliza tena na tena, mpaka alipoambiwa kuwa ni amri ya Allah ndipo aliporidhika na kurudi. Baadaye, maji ya Zamzam yalipotoka na watu wa kabila la Jurhum wakaona ndege akizunguka juu, waliomba ruhusa kwa mwanamke huyo ya kukaa jirani naye. Aliwaruhusu kwa sharti kwamba haki ya maji ibaki kwake, na hadithi inaeleza kuwa alipenda kupata watu wa kukaa nao. Maji, majirani na ridhaa ya mama wa nyumba: mji mtukufu wa Makka uliasisiwa juu ya mambo hayo.

Sasa tushuke Dodoma yenyewe. Kwanza, mhamiaji asidhani anakwenda kijijini. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Katika miaka kumi watu wamekaribia kuongezeka maradufu, na nyumba, shule na visima vinawafuata kwa nyuma. Pili, ofisi nyingi za wizara sasa ziko Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, kando ya barabara iendayo Morogoro. Kwa hiyo mtu anayesema "nahamia Dodoma" bado hajasema anahamia wapi. Anaweza kukaa Majengo, karibu na soko na misikiti iliyozoeleka, akasafiri kila siku kwenda kazini. Anaweza kukaa Ihumwa au Mtumba penyewe, akafika ofisini mapema, kisha akagundua kuwa madrasa ya wanawe ipo mwendo wa bodaboda mbili. Au anaweza kuipita Mtumba akaenda Chamwino, mji mdogo wenye utulivu, ambako kiwanja hakijawa bidhaa ya kugombewa kama mjini.

Msikiti mkubwa si tatizo. Ule uitwao wa Gaddafi, uliofunguliwa 2010, huchukua waumini wapatao 3,000, na anayeuona kwa mara ya kwanza hustaajabu. Lakini msikiti wa Ijumaa ni jambo moja, na msikiti wa Alfajiri na Isha ni jambo lingine. Tumewauliza waliotangulia, nao wanakiri kuwa kosa lao lilikuwa kuvutiwa na ule wa kwanza wakasahau kuutafuta wa pili. Mtoto wa miaka tisa hawezi kupanda daladala kila jioni kwenda kusoma Qur'ani. Atakwenda kwa miguu, pamoja na watoto wa jirani, au hatakwenda.

Yuko ndugu atakayetujibu kwa hadithi ya Bani Salima. Watu hao walitaka kuhama wakae karibu na msikiti wa Mtume (s.a.w.), naye akawaambia wabaki majumbani mwao kwani nyayo zao zinaandikwa. Hadithi ni sahihi, ameipokea Imam Muslim, na ni faraja kubwa kwa anayekaa mbali. Lakini Bani Salima walikuwa na msikiti wa kuuendea kwa miguu, na walikuwa kabila zima linalokaa pamoja. Anayekaa peke yake pembezoni afuate zaidi mwenendo wa Umar (r.a.), aliyekuwa akiishi Awali, nje kidogo ya Madina. Yeye na jirani yake Ansari walipeana zamu: siku moja huyu anateremka kwa Mtume (s.a.w.) na kurudi na habari za siku hiyo, siku ya pili mwenzake. Tunazijua familia tatu pale Dodoma zinazofanya hivyo kuwapeleka watoto madrasa kwa bajaji, kila baba na wiki yake. Nyumba zao hazikuwa karibu kwa bahati. Walipanga kwa makusudi katika mtaa mmoja.

Maji yanataka neno lake. Dodoma ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa miaka mingi jiji limetegemea visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Mitaa haifanani kwa mgao. Mwenye nyumba ataapa kuwa maji hutoka kila siku. Wewe tazama uani. Ukiona nyumba zote za mtaa zina matangi makubwa yaliyoinuliwa, na wanawake wana ndoo zilizopangwa tayari, umekwisha kujibiwa. Udhu utapatikana kwa kiasi kidogo, lakini nepi za mtoto mchanga hazitakubali. Na Juni na Julai kuna baridi ya upepo mkavu ambayo mtu wa Pwani haijui. Mwenye pumu amwone daktari kabla ya safari.

Reli ya kisasa, iliyofika Dodoma katikati ya 2024, imeleta hoja mpya. Wako wanaosema hakuna haja tena ya kuhama: nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000, mtu anapanda Jumapili jioni na kurudi Ijumaa. Tumewafanyia hesabu. Kwenda na kurudi ni 62,000, na kwa wiki nne ni 248,000, kabla ya chumba cha kulala huko na chakula cha mgahawani. Kwa mitaa mingi hiyo ni kodi ya nyumba ya familia. Hata hivyo kwa muda wa mpito, mama akiwa na ajira hapa au mtoto akikaribia mtihani wa taifa, treni ni rehema, maadamu tarehe ya mwisho wa mpito imewekwa na imeandikwa. Tuongeze jambo ambalo huulizwa kila mara: katika madhehebu ya Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huyo ni mkaazi. Mwenye kukaa Dodoma Jumatatu mpaka Alhamisi kamili asifupishe swala mwaka mzima kwa hoja kwamba nyumba yake iko Mbagala.

Wengine hutazama Morogoro, iliyo kwenye njia hiyo hiyo ya reli. Mji una maji ya milima ya Uluguru, una Waislamu wengi, na una Chuo Kikuu cha Waislamu kinachowafaa wenye vijana waliomaliza kidato cha sita. Kwa mume anayekuja kila wiki, inakaribia zaidi kuliko Dar es Salaam. Kwa maoni yetu inafaa pale tu mama ana ndugu au kazi Morogoro; vinginevyo familia inakuwa ngeni mahali ambapo hata baba hayupo. Kondoa nayo hutajwa na wazee, kwa sababu ni mji mkongwe wa Kiislamu, wenye chemchemi maarufu na barabara ya lami. Ni kweli, na anayepangiwa kazi huko amshukuru Allah. Ila ni yapata kilomita 160 kaskazini ya Dodoma, si mahali pa kukaa mtu wa Mtumba.

Waarabu husema jirani kabla ya nyumba. Maneno hayo yameenea kama hadithi, ingawa wanavyuoni wameidhoofisha sanadi yake. Kwa hiyo tunamshauri mhamiaji asipange kwa picha za simu za dalali. Aende yeye na mkewe, siku ya kazi na si ya mapumziko, walale usiku mmoja. Baba aswali Isha na Alfajiri katika msikiti ulio karibu na nyumba wanayoitaka, ahesabu safu, amsalimie imamu na kumwonyesha barua. Mama akae na wanawake wa mtaa, awaulize zahanati iko wapi, nani hushika zamu ya kumsaidia mzazi, na watoto husoma wapi jioni. Majibu ya wanawake yana uzito kuliko yetu, kwa kuwa wao ndio watakaokaa humo mchana kutwa.

Baada ya shauri lile la talaka, kamati iliibadilisha fomu ya kuombea barua. Imeongezwa mistari miwili: familia itahamia lini, na sahihi ya mke. Wapo walionung'unika kuwa tunaingilia mambo ya nyumba za watu, na mzee mmoja wa kamati alikataa kuidhinisha fomu hiyo hadi kikao cha tatu.

Mwezi uliopita alikuja kijana, mhandisi, mkewe mjamzito na watoto wawili. Alitaka barua siku ile ile. Tulimkabidhi fomu, akaenda nayo nyumbani, akarejea baada ya siku kumi. Walikuwa wamekwenda wote wawili. Yeye alikuwa ameichagua nyumba ya Ihumwa, yenye vigae, dakika chache kutoka ofisini. Mkewe alipita nyuma ya nyumba saa kumi jioni akakuta watoto wa mtaa wakicheza mpira, akawauliza wanasoma chuo gani. Wakatazamana. Wamepanga mjini, nyumba ndogo zaidi, karibu na madrasa yenye ustadhati, na kijana huyo sasa huamka mapema kuwahi gari la Mtumba. Chini ya fomu, pale palipo na mstari wa sahihi ya mke, mkewe aliandika pia namba ya simu ya ustadhati huyo, ili tuwape wengine watakaokuja.