Je, Wajua? Mirija Isiyoonekana ya Kinywani

Je, wajua kwamba kile kivimbe kinachochomoza chini ya taya mtoto anapoumwa jino, kigumu kidogo kama punje ya haragwe ukikigusa, ni tezi ya limfu inayopigana? Maji ya limfu hutoka kwenye fizi, mashavu na ulimi, yakapita katika mirija midogo mno hadi kwenye tezi, na humo vijidudu hukamatwa. Katikati ya ulimi mirija hiyo huvuka hata ng'ambo, ndiyo maana kansa ya upande wa kulia yaweza kuibukia kwenye tezi za kushoto.

Kuiona ndiyo kazi. Limfu haina wekundu wa damu, kuta za mirija ni nyembamba, na nyama ikikatwa vipande chini ya hadubini unaona vitundu tu, hujui kipi kinaelekea wapi. Siku hizi watafiti huifanya nyama yenyewe ipenye mwanga. Tazama karatasi iliyofungia mandazi: pale mafuta yalipolowa, maandishi ya nyuma yanasomeka. Siri ni hiyohiyo. Nyama huondolewa mafuta yake, ikaloweshwa katika kimiminika kinachopinda mwanga sawa nayo. Rangi zinazong'aa hunatishwa kwenye protini za kuta za limfu, kisha mwanga mwembamba hupita tabaka baada ya tabaka, na kompyuta hujenga mti mzima wa mirija, matawi na vitawi, unaoweza kuuzungusha utakavyo.

Na je, wajua jinsi barabara yetu ya Butembo–Beni, mashariki mwa Kongo, inavyohusiana na kansa ya limfu? Mwaka 1957, hospitalini Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Ilikuwa kansa ya chembe za limfu. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari maili 10,000 hivi akiuliza hospitali baada ya hospitali, akakuta kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo ni nadra juu ya mita 1,500. Beni iko mita 1,200 hivi. Butembo, kilomita 50 na ushei kusini, imepita 1,700, hivyo barabara hiyo huuvuka mpaka huo. Palipo na baridi mbu hupungua, na malaria inayorudiarudia ndiyo inayosaidiana na virusi vya Epstein-Barr, vinavyoenea kwa mate, kuileta kansa hiyo. Virusi hivyo vilionekana mara ya kwanza mwaka 1964, katika chembe zilizokuzwa kutoka kwenye uvimbe uliotumwa London kutoka Uganda.

Kansa hiyo ikiwahiwa, watoto wengi hupona kwa dawa. Mara nyingi dalili ya kwanza ni magego ya mtoto kulegea bila kuoza.