DESTURI ZA KILA SIKU KATIKA NCHI YA UJERUMANI

Tarehe 13 Septemba, 2024, Serikali ya Kenya na Serikali ya Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin mapatano juu ya watu wanaohama kwenda kufanya kazi na kujifunza. Wako vijana wetu wanaosoma Kijerumani wakitumaini kwenda huko kuwa wauguzi au mafundi. Habari za hati za safari na mtihani wa lugha huelezwa mara nyingi. Lakini mambo madogo ya kila siku hayaelezwi sana, nayo ndiyo humchosha mgeni, kwa sababu mtu asiyejua maana ya desturi huiona kuwa ni dharau. Hapa twaeleza baadhi ya desturi hizo pamoja na maana yake.

SAA NA AHADI

Sisi huhesabu saa tangu kupambazuka. Wajerumani huhesabu tangu usiku wa manane, kama Waingereza. Hilo si geni kwa mtu aliyesoma shuleni. Mtego uko katika nusu. Mjerumani akisema "halb acht", yaani nusu ya nane, maana yake ni kwamba saa ya nane imefika nusu tu. Kwetu ni saa moja na nusu. Mtu aliyezoea Kiingereza hudhani ni saa mbili na nusu, naye hufika wenzake wamekwisha kuwa kazini muda wa saa nzima.

Kosa hilo si dogo. Kwa Wajerumani, saa iliyopangwa ni ahadi, na kumngojesha mtu ni kumpotezea mali yake. Anayeona kwamba atachelewa, hata kwa dakika 10, yampasa kupiga simu mapema. Kadhalika, haifai kwenda nyumbani kwa mtu bila kumwarifu kwanza. Kwetu mgeni wa ghafula huletewa chai. Kule mwenyeji atafadhaika, si kwa kuwa hakupendi, bali kwa kuwa hakujitayarisha kukupokea.

SALAMU NA MAJINA

Katika miji mikubwa watu hupitana njiani bila kusalimiana. Mgeni kutoka kwetu, aliyezoea kuulizwa habari za nyumbani, za watoto na za kazi, huona kama kwamba yeye si mtu mbele yao. Lakini atazame vizuri. Mjerumani huyo huyo aingiapo katika chumba cha kungojea daktari huwaamkia wote waliomo, hata wasiomjua. Na akikutana na jirani yake ngazini humwamkia pia. Salamu ipo, ila ina mahali pake.

Tena, mtu mzima usiyemjua usimwite "mama" wala "mzee". Mwite Bwana au Bibi pamoja na jina la ukoo wake, yaani "Herr" au "Frau". Lugha yao ina namna mbili za kusema "wewe": "Sie" ni ya heshima, na "du" ni ya jamaa na rafiki. Mdogo hangojei kukosea; hutumia "Sie" mpaka mkubwa mwenyewe amruhusu kutumia "du". Mtu aliyefundishwa kumwambia mkubwa wake "shikamoo" hatapata taabu kulielewa jambo hili.

CHAKULA

Nyumba nyingi hula chakula cha moto mchana, na jioni hula mkate, jibini na nyama baridi. Mgeni aliyealikwa jioni akawekewa mkate asidhani kuwa amenyimwa chakula. Amewekewa kile wanachokula wenyeji. Watu wakienda pamoja hotelini kula, mara nyingi kila mmoja hulipa chake, na hakuna aibu ndani yake. Na mtu akitimiza mwaka wa kuzaliwa, yeye mwenyewe ndiye awaleteaye wenzake kazini keki. Usimpongeze kabla ya siku yenyewe kufika, maana huhesabiwa kuwa mkosi.

JUMAPILI NA TAKATAKA

Siku ya Jumapili maduka mengi hufungwa. Mapumziko hayo yalilindwa katika Katiba ya mwaka 1919, na Katiba ya mwaka 1949 iliyashika vivyo hivyo. Basi nunua chakula Jumamosi. Jumapili usitoboe ukuta kwa mashine wala usifungulie muziki kwa sauti kubwa. Usiku pia, tangu saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba hutakiwa kuwa na utulivu.

Takataka hazitupwi pamoja. Karatasi zina pipa lake, mabaki ya chakula lake, na vifuniko vya bidhaa lake. Jirani akikuonya kwamba umekosea pipa, hakutukani; kwao kusema kosa waziwazi ni unyofu. Chupa nyingi za vinywaji zina amana, kama chupa za soda zilivyokuwa na amana katika maduka yetu. Ukizirudisha dukani utapewa fedha yako.

UPWEKE NA DAWA YAKE

Mwezi wa Desemba mjini Berlin mchana haufiki saa 8. Giza hilo, pamoja na ukimya wa majirani, limewavunja moyo watu hodari walioiweza kazi yenyewe. Asikae mtu chumbani akingoja kugongewa mlango. Wajerumani wengi hupata marafiki kwa njia ya vyama: vya mpira, vya kuimba, hata vya kuzima moto kwa kujitolea. Sisi tunajua maana ya chama. Ajiunge, ahudhurie kila mara, na urafiki utakuja polepole. Nao ukija hudumu.

Hata hivyo, si haki kumwambia mgeni kwamba kila uchungu ni kutoelewa desturi tu. Ubaguzi wa rangi upo. Sheria ya mwaka 2006 yakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya asili yake, na aliyedhulumiwa aweza kushitaki. Faida moja ya kuzijua desturi ni kuweza kupambanua: huu ni ukimya wa kawaida, na hii ni dharau ya kweli. Asiyejua hukasirikia yote, au huvumilia yote, na njia zote mbili zina hasara.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Kujifunza mila ya mwenyeji si kuiacha yako. Kijana afikaye kazini kwa wakati, awaamkiaye jirani zake ngazini, kisha Jumapili akawapikia ugali na sukuma wiki rafiki aliowaalika, hakupoteza kitu, ameongeza.