Kijani cha Shaba na Wekundu wa Kichuguu

Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wachongaji wa Lubumbashi, huko Katanga, hulitumia kutengenezea shanga na visahani vya majivu ya sigara, ni madini ya shaba. Karibu asilimia 57 ya uzito wake ni shaba tupu. Shaba hiyo hunyonya mwanga mwekundu, na unaorudi machoni ni wa kijani. Wamisri wa kale walilisaga wakajipaka machoni na kutilia rangi picha zao. Kadiri linavyosagwa laini ndivyo linavyopauka, kwa sababu chembe ndogo hutawanya mwanga kabla haujapenya ndani. Kumbe kijani kilichofifia, hiki kinachopendwa sasa sebuleni, si kitu kigeni kwa jiwe la Katanga.

Mwaka 1775 Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliunganisha shaba na arseniki akapata kijani kikali cha bei nafuu. Ulaya ikakibandika ukutani kwa karatasi za mapambo. Mwishoni mwa karne ya 19, Bartolomeo Gosio wa Italia alionyesha kwamba ukungu ukiota penye arseniki huitoa hewani kama gesi. Watu walikuwa wamelala na sumu chumbani.

Kijani cha makopo ya leo mara nyingi ni ftalosianini, rangi iliyoingia sokoni miaka ya 1930. Shaba ingali humo, safari hii imefungwa katikati ya pete ya kaboni na nitrojeni isiyoiachia kirahisi. Ina nguvu ajabu: kidogo tu kwenye ndoo ya rangi nyeupe, na ukuta mzima unapiga kelele.

Ili kuituliza, mafundi wengi hutia nyeusi. Mimi siafiki. Nyeusi hunyonya mwanga wote kwa pamoja, chumba kikabaki na giza lenye ubaridi. Afadhali rangi nyekundu ya oksidi ya chuma, kidogo kidogo, maana hunyonya kijani chenyewe na kuisogeza rangi kwenye kijivu chenye joto. Ni oksidi za chuma hizohizo zinazoupa wekundu udongo wa Lubumbashi, pamoja na vichuguu vikubwa ambavyo watu huvichimba wafyatue matofali ya kuchoma.

Udongo huo unaingia ndani hata bila kualikwa. Jua la mchana likipiga ua usio na saruji, mwanga unaopenya mlangoni huwa na wekundu, na ukuta wa kijani haurudishi sana wekundu huo: unaonekana wa kijivu zaidi kuliko rangi ilivyokuwa dukani. Basi paka kipande kwanza kwenye ukuta unaotazama mlango, ukiangalie adhuhuri, kisha usiku chini ya taa.

Kwa vumbi la kiangazi, wengi hupaka rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta ili ioshike. Hapo ndipo penye hatari. Kijani cha zamani cha mafuta kiliweza kutengenezwa kwa njano yenye risasi iliyochanganywa na bluu, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto, ambaye mikono yake hufika hapohapo. Umoja wa Mataifa unashauri risasi isizidi sehemu 90 katika milioni. Muulize muuzaji, soma kopo. Na rangi kuukuu usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, watoto wakiwa nje, kisha futa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.